Mzee Aliyemkimbia Mwanangu Kule Isongole

Mmeniuliza dukani, mmeniuliza kwenye kikoba, na juzi mmoja wenu ameniuliza msibani, marehemu hajatoka hata ndani. Nimeona niandike msome wote kwa mara moja, maana nikisimulia kwa mdomo kila baada ya maneno mawili kuna mtu ananikatiza kuuliza viazi huko bei gani. Viazi nitavifikia.

Kwa asiyejua mwanzo wake ni huu. Zuhura, mwanangu wa pekee, ameposwa na kijana wa Kinyakyusa aliyekutana naye chuoni Morogoro. Kwenye cheti anaitwa Hamisi, lakini mama yake na mlima mzima wanamwita Lusajo, na mimi nimeshazoea hivyo. Kijana amerudi kwao, shambani kwa baba yake juu ya Isongole, wilaya ya Rungwe, akajenga vijumba vya wageni wanaotaka kulala shambani bila umeme wa gridi, bila bomba la mamlaka, bila kutupa hata ganda la ndizi. Watu wanalipa kwa ajili ya hayo. Mimi nimekulia Buguruni bila umeme wala maji na hakuna aliyewahi kunilipa.

Kishika uchumba nilikuwa nimekipokea, nikakiweka kabatini bila kukigusa, ili kama ni kurudi kirudi na bahasha yake. Jibu la mwisho sikuwa nimetoa. Mnanijua: tangu nianze kuuza vitenge sijawahi kuchukua jora bila kulikunjua mpaka mwisho, kwa sababu doa hukaa yadi ya mwisho. Baba yake Zuhura ni marehemu, wajomba zake wameniachia mimi, na mtoto akinyanyaswa kule juu, kutoka Kariakoo mpaka kumfikia ni usiku mzima wa basi. Kwa hiyo nikasema twende tukaione nyumba. Nikirudi, nitasema ndiyo au hapana.

Lusajo alitaka tukae bure. Nikakataa. Anayelipa ana haki ya kulalamika.

Mbezi mpaka Tukuyu, ambako hatukuwa tunakwenda

Tuliondoka Mbezi jioni na mizigo mitano, humo ndani vitenge vinne: kimoja cha mama mkwe mtarajiwa, vitatu vya kuangalia soko, maana safari ya kwenda kutazama tu ni hasara. Basi lilichelewa kwa sababu watu wawili walikuwa na kiti kimoja na kila mmoja alikuwa na tiketi halali. Kila tuliposimama nilishuka nikahesabu mizigo kwenye buti, halafu nikahesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza mtu anahesabu kwa matumaini.

Sikulala. Zuhura alilala begani kwangu kama aliyekwisha kuolewa. Mimi nilikuwa nafikiria yule baba. Kwenye simu alizungumza nami mara moja tu, kwa adabu sana, na nilipomwambia ngoja nikupe binti umsalimie, simu ikakatika. Nikasema mtandao wa mlimani. Lakini ilikaa moyoni kama mwiba wa samaki, si wa kuua, wa kukumbusha.

Kupita Makambako mkanda wa feni ukakatika. Tukakaa kando ya barabara kwenye baridi ambayo sikuwa nimeiandalia nguo, tukala mahindi ya kuchemsha, dereva akisema dakika kumi kila baada ya nusu saa. Kulipokucha tukaendelea, na ukungu ukashuka mpaka dirisha likawa jeupe kama sanda. Konda tulishakubaliana atushushe Isongole. Nilipomuuliza bado kiasi gani, alikuwa anafumbua macho.

"Mama, Isongole tumeipita."

"Tumeipita saa ngapi?"

"Ukungu ulikuwa mwingi."

"Ukungu ulikuzuia kusimama au kukumbuka?"

"Vyote viwili, mama," akasema, na kwa kuwa alikuwa mkweli nikamsamehe.

Tukashukia Tukuyu kwenye manyunyu. Simu ya Zuhura ilikuwa imezima, yangu Lusajo hapatikani. Tukaingia kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi karibu na stendi, akatuwekea na parachichi zima kila mmoja, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, kwa bei ambayo nilisahau kuipunguza. Akauliza tunakwenda kwa nani.

"Isongole, kwa Lusajo, mwenye vijumba vya wageni."

"Aa, kwa wale wanaopikia mavi ya ng'ombe."

Nikaliweka andazi chini.

"Ni gesi, mama," Zuhura akasema. "Samadi inaingia kwenye mtambo, inatoa gesi. Haina hata harufu."

"Harufu haina," yule mama akakubali. "Mimi mwenyewe nimewahi kula kule, msiba wa jirani yao. Chakula kizuri. Ila mzee wao simwelewi." Akaitwa na mteja mwingine na hakurudi kuniambia ni nini asichokielewa. Nililipa polepole makusudi, nikamsubiri. Alikuwa amesahau alichokisema.

Kurudi juu na Fuso la viazi

Tulipanda Fuso lililokuwa linakwenda Isongole kupakia viazi. Dereva, kijana mnene anayeitwa Asajile, alitukalisha mbele pamoja naye, Zuhura dirishani. Nilipunguza nauli mara mbili na yeye akapandisha mara moja, tukakutana katikati tukawa marafiki.

"Mzee Yusufu, baba yake Lusajo, namjua sana," akasema. "Mtu mzuri. Ukipata shida, wa kwanza kufika ni yeye."

"Na wakwe zake wanaishi naye vipi?"

"Vizuri tu. Ila mke wa mtoto wake mkubwa, yule kaka yake Lusajo, mpaka leo hawajawahi kuangaliana usoni."

Nikamgeukia. "Kwa nini?"

"Ndivyo alivyo. Mke wa mtoto akiingia huku, mzee anatokea kule."

"Waligombana?"

Asajile akacheka akibadilisha gia. "Wagombane wapi mama, na hawajawahi kuongea."

"Na huyo mwanamke yuko wapi sasa?"

"Wamehamia Chunya."

Nikamtazama Zuhura. Alikuwa anatazama mashamba ya chai yanavyopanda na kushuka, akitabasamu peke yake. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini tukafika penye mama wawili wenye magunia kando ya njia na Asajile akashuka kubishana nao bei, na biashara ya mtu haikatizwi. Aliporudi ndani alikuwa na mambo yake ya viazi. Mimi nilikuwa nimeshamaliza hesabu yangu: mkwe wa kwanza amekimbilia Chunya. Wa pili ni wangu.

Nyumba isiyo na waya

Lusajo tulimkuta barabarani Isongole, amelowa, amesimama pale tangu alfajiri. Hilo nililiandika upande wake wa faida. Akatuitia bodaboda mbili na yeye akapanda kwa miguu kwa njia ya mkato, na cha ajabu alifika kabla yetu, kwa sababu penye utelezi sisi ndio tulioshuka kusukuma.

Shamba limekaa begani mwa mlima. Chini ni viazi na mahindi, juu ni msitu, na katikati nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma yenye sola moja juu ya bati. Maji yanatoka kwenye chemchemi yanashuka yenyewe kwa mpira. Choo ni cha majivu, unamwaga kopo la majivu badala ya maji, na naapa kisafi kuliko cha stendi mnayoijua. Vijumba vya wageni ni vitatu, vya udongo na mianzi, vizuri, lakini baridi yake ni ile inayokuuliza jina lako.

"Ndio maana jioni watu wote tunakaa nyumba kubwa," Lusajo akatueleza, akitufungulia mlango kwa fahari. "Jiko moja, taa moja, meza moja. Hapa palikuwa na ukuta katikati, nimeuvunja. Ukuta ulikuwa unakula joto bure. Sasa wageni na familia tunakula pamoja. Hicho ndicho wageni wanachokipenda kuliko vyote."

Mama yake akatoka, mwembamba, mwepesi, akanikumbatia mpaka nikasahau mizigo. Halafu kutoka kwenye mahindi akaja mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma na mabuti ya mpira. Akanishika mikono yote miwili. "Karibu mama, karibu sana, ndaga, ndaga, mmechoka," akashukuru kwa Kinyakyusa na Kiswahili kwa pamoja, na uso wake ulikuwa uso wa mtu niliyeweza kumkopesha.

Zuhura alikuwa nyuma ya bodaboda anafungua kamba za begi. Akazunguka, ushungi umekaa vizuri, mikono mbele, kama nilivyomfundisha. "Shika..."

Mzee alikuwa ameshaachia mikono yangu. Akageuka akakatisha kwenye viazi, haraka, bila kutazama nyuma, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Salamu ya mwanangu ikabaki hewani nusu yake.

"Baba ana kazi ya ng'ombe," Lusajo akasema, kabla hatujauliza.

Mfanyabiashara anayejibu kabla ya swali ana kitu chini ya meza.

Salamu zinazokimbiwa

Jioni ile mama Lusajo alipika mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage na maziwa mpaka zikawa laini, na mezani kulikuwa na viti vitano na watu wanne. Kiti cha tano kilikaa kinatutazama. "Anakula baadaye," mama Lusajo akasema, na nikamwona anamwangalia mwanawe kwa jicho la kulaumu, na mwanawe anaangalia sahani.

Mimi nililelewa kwamba mkubwa asipokujibu salamu, tatizo ni lako, umemsalimia vibaya. Kwa hiyo kesho yake nikamwambia Zuhura, mfuate ukamwamkie. Akaenda zizini. Mzee akatokea upande wa pili kwa kuruka uzio, umri wake wote ule. Mchana nikamwambia, labda hakukusikia, nenda kwenye chemchemi. Akaenda, akapiga goti kabisa kwenye tope, na mzee akaacha ndoo yake pale pale akapanda msituni. Jioni mvua ilikuwa inanyesha, tukamwona anakuja nyumbani, nikamsukuma mwanangu mlangoni: "Sasa hivi, hana pa kwenda." Alikuwa na pa kwenda. Alirudi kwenye mvua.

Nilidhani kwanza ana haya na wanawake, mtu wa dini. Lakini mimi, nikiwa peke yangu, alikuwa ananitafuta. Alinionyesha parachichi zake anazowauzia madalali, tukabishana nusu saa nzima juu ya bei anayopewa, nikamwonyesha wanavyomuibia kwenye mzani, akafurahi kama kaka yangu. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti anakula? Blanketi moja linamtosha? Huku baridi ni kali."

Nikamjibu anakula. Moyoni nikasema huyu mzee ana nyuso mbili, na iliyo mbaya ameiweka kwa ajili ya mtoto wangu. Nilishawahi kuona wateja wa namna hiyo. Anakusifia duka, anasifia mpangilio, anauliza watoto hawajambo, halafu bidhaa yenyewe haigusi. Huyo hanunui.

Siku ya pili yake ikawa hivyo hivyo. Usiku kijumbani Zuhura akajifunika mpaka kichwani, akaniambia kutoka humo ndani, "Mama, amenikataa. Lusajo anajua na anaogopa kuniambia."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema nimpe baba yake muda."

"Mke wa kaka yake alimpa muda mpaka akahamia Chunya."

Nikasikia analia kwa namna ya mtu mzima, bila sauti, na sijui kama mmewahi kumsikia mtoto wenu akilia hivyo. Hapo nikakata shauri. Asubuhi ningemuaga mama wa watu kwa heshima, nitafute bodaboda, na kishika uchumba kirudi na bahasha yake.

Ghala la viazi

Nilitoka mapema nikamtafute mama Lusajo kabla wengine hawajaamka. Ukungu umelala chini, nyasi nyeupe. Nikipita nyuma ya nyumba kubwa nikasikia mtu anakohoa kwenye ghala la viazi, kile kikohozi kinachotoka mbali. Nikasukuma mlango.

Mzee Yusufu alikuwa amelala juu ya magunia, amejifunika blanketi moja na gunia tupu juu yake, mabuti miguuni. Akaketi haraka, akarekebisha kofia.

"Mzee, umelala hapa?"

"Nimelala vizuri, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mfike," akasema, akakohoa.

"Na ndani kuna jiko, kuna joto. Kwa nini usilale ndani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havai suruali kichwani. "Ndani anaingia mkamwana."

"Anaingia kula. Anaondoka."

"Anaingia," akarudia, taratibu, anisaidie kuelewa.

Mama Lusajo akatokea na ndoo ya maziwa. Aliponiona pale akaiweka chini, akakaa juu ya gunia, akaanza kucheka na kukasirika kwa pamoja. "Nilimwambia Lusajo awaambie. Nikamwambia siku ya kwanza, waambie. Akasema mambo ya kizamani, mama, watatucheka."

Ndipo nikaelezwa. Kwao, zamani, msichana akishaposwa hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hakai mahali alipo yeye. Wakikutana njiani msichana anageuka, anajifunika, mzee anapita. Si ugomvi. Ndiyo heshima iliyo juu ya zote, kuliko salamu. Wengi wameiacha, na mama Lusajo mwenyewe haoni kama ina maana tena. "Hata shehe alimwambia si lazima. Lusajo amemwomba aache, akasema sawa, naacha. Halafu binti akitokea, miguu inakimbia yenyewe. Alilelewa na bibi yake huyu."

"Na yule wa Chunya?"

"Mume wake amepata kazi mgodini," akasema. "Anapiga simu kila Ijumaa. Wakati ule ukuta ulikuwepo, mama. Yeye upande wa jikoni, huyu upande wa meza, wanasikilizana miaka yote, hakuna aliyeugua kifua."

Nikasimama pale kwenye viazi nikirudisha hesabu yote nyuma. Zizini, kwenye chemchemi, kwenye mvua. Kila mara ni mimi niliyemtuma. Nilikuwa namfukuzisha mzee wa watu usiku na mchana kwa adabu ya mwanangu, na kila binti alivyozidi kupiga goti ndivyo mzee alivyozidi kulowa.

"Lakini mzee," nikasema, "mimi jibu sijatoa. Bado si mkamwana wako."

Akatikisa kichwa. "Jibu ni lako mama, hilo siliingilii. Kwangu mimi ni mtoto tangu mlipopokea kishika uchumba. Angekuwa mgeni tu ningekaa naye. Wageni wote nakaa nao hapo mezani. Yule Mzungu wa mwezi uliopita tulikaa naye mpaka taa ikaisha chaji."

Nikamwambia mama Lusajo anipatie maji ya moto na tangawizi, nikamvua mzee lile gunia nikampa shali yangu, na alipokuwa anakunywa nikaanza kazi ninayoijua.

Bei ya mwisho

"Mzee, leo unalala ndani," nikasema. "Mimi na binti tutakula kijumbani kwetu."

"Hapana. Mgeni hali peke yake nyumbani kwangu."

"Basi yeye akae jikoni na mama Lusajo, wewe ukae mezani."

"Jikoni na mezani ni chumba kimoja. Si mtoto wangu amesoma? Amesoma mpaka akavunja ukuta."

"Haurudi?"

"Wageni wanapenda."

Nikafikiri kidogo. "Ukuta wa nguo unakubalika?"

Akazungusha kikombe. "Nguo gani?"

Hapo nikajua. Mteja akiuliza nguo gani, ameshafungua pochi.

"Kitenge. Yadi sita. Kizito, hakionyeshi upande wa pili."

"Nitamsikia."

"Kusikia nako kumekatazwa?"

Akamtazama mkewe. "Usiniangalie mimi," mama Lusajo akasema. "Yule wa Chunya ulikuwa unamsikiliza hadithi zake unacheka peke yako kama kichaa."

"Basi asinisalimie," mzee akasema.

"Huyo nimemlea mimi. Asipomsalimia mkubwa ataumwa yeye. Atakusalimia kupitia kwangu, na nikiondoka kupitia kwa mama Lusajo."

"Mara moja."

"Asubuhi na jioni."

"Jioni."

"Mzee, kuna baridi, tusikeshe hapa. Asubuhi na jioni, na akiwa njiani ataimba ili umsikie kabla ya kona, usiruke uzio tena."

Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Asiimbe kwa sauti kubwa. Ng'ombe wanashtuka."

Tukapeana mikono.

Zuhura nilimwamsha nikamweleza yote. Alisikiliza amekaa kitandani na blanketi mabegani. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namkimbiza kwenye mvua."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakutuma. Sasa nijibu mimi, usinijibu kwa ajili ya huyo kijana. Unaweza kuishi hivi? Miaka?"

Akafikiri. Mwanangu akifikiri anauma kidole, tangu mdogo. "Mama, wewe na bibi mzaa baba mlikuwa mnaangaliana usoni kila siku. Mlipata nini?"

Nikamwambia avae, chai inapoa.

Kwa Lusajo hakuwa mpole hivyo. Nilimsikia huko nje: "Ungeniambia." Akajibu, "Niliogopa utacheka." Akamwambia, "Nimelia siku mbili badala ya kucheka mara moja, hiyo ndiyo hesabu yenu?" Nikaona damu yangu ile. Kijana alikwenda kutafuta misumari bila kuambiwa mara ya pili.

Kitenge nilichagua kile kizuri kuliko vyote vitatu, cha bluu na ndege wa njano, kwa sababu vile vingine vilionyesha kivuli. Kilipopigwa kutoka ukuta hadi ukuta, kikaikata meza katikati, viti vitatu huku, viwili kule. Jioni mzee aliingia kwa mlango wa nyuma, tukasikia mabuti yanavuliwa, kiti kinavutwa. Mvuke wa viazi ulikuwa unapanda pande zote mbili.

"Mama Zuhura," sauti ikatoka nyuma ya ndege. "Mwambie mkamwana wangu viazi hivi ni vya shamba la juu. Ni vitamu kuliko vya chini."

Zuhura alikuwa hatua moja kutoka kwake. Akanigeukia mimi. "Mama, mwambie baba shikamoo. Na mwambie ni vitamu kweli."

Nikawaambia, kila mmoja maneno aliyokwisha kuyasikia. Mlima ule mtandao ni wa kubahatisha, nikawa mnara wenyewe. Baadaye Zuhura akamsimulia mama Lusajo habari ya konda na ukungu, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, na upande wa pili tukasikia mzee anacheka mpaka anagonga meza. Hakukohoa sana usiku ule. Najua, kwa sababu nilipita mlangoni nikasikiliza, na kabla ya kulala nikapita tena.

Kushuka

Siku ya kuondoka mzee hakuja kutuaga. Mama Lusajo alisema ametangulia. Njia ya kushukia barabarani ilikuwa utelezi mtupu, lakini kila penye tope tulikuta jiwe limewekwa, bichi, bado lina udongo wa kung'olewa, na penye miiba matawi yamekatwa na kusogezwa pembeni. Mbele yetu njia nzima kulikuwa na alama za mabuti ya mpira, mpya, maji hayajaingia ndani yake. Zuhura akaanza kuimba kwenye kona, si kwa sauti kubwa. Hatukumwona mtu.

Chini barabarani gunia la viazi lilikuwa limekaa peke yake kwenye kituo, limeshonwa, linatusubiri. Kwa hiyo ninyi mnaouliza bei, siijui. Sikununua, na nilipomuuliza Lusajo thamani yake alinitazama vibaya.

Jibu nimeshampa mjomba wake Zuhura alipeleke rasmi. Kwenye basi nilihesabu mizigo, nikahesabu tena. Vitenge vya kuangalia soko vilikuwa vitatu, vimerudi viwili, na cha tatu sina hela yake. Juzi mama Lusajo amepiga simu kuuliza akifue kwa maji gani, maana kimeshika moshi upande wa jikoni. Nimemwambia ya baridi, na asikikamue, akitundike kikiwa kimelowa. Kina kazi ya miaka mingi.